Mwandiko wa Mume Wangu Umezagaa Mikumi Nzima

Wanawake wenzangu, naomba niwaulize. Umeshawahi kukuta mwandiko wa mume wako kwenye simu ya mwanamke mwingine?

Sisemi meseji. Meseji tumezizoea. Nasema mwandiko wa kalamu, ule unaoujua kama unavyoujua mwendo wake akitokea kona ya mtaa.

Mimi umenikuta huo mkasa. Na siku hiyohiyo nikauona tena kwa mwanamke wa pili. Kufika jioni nilikuwa nimeuona kwa wanawake wengi mpaka sijui nimkabe yupi nimwache yupi.

Tulieni niwaeleze.

Naitwa Debora, ila mtaani wananiita Mama Evance. Nakaa Kilosa, Mabwerebwere, nashona nguo kibarazani kwangu. Evance ndiye mwanangu wa pekee, yuko shule ya bweni. Baba yake anaitwa Makarius.

Tuseme ukweli, Makarius hana sura ya kukufanya ugeuke barabarani. Lakini ana mkono. Akishika kalamu, hata orodha ya sokoni inapendeza. Herufi zake zinalala kidogo kwenda kulia, na "k" yake ina mguu mrefu unaoburuzika chini ya neno zima kama mkia wa gauni la bibi harusi.

Kanisani kwetu vyeti vya ubatizo na vya ndoa alikuwa anaandika yeye. Kadi za harusi, yeye.

Na mimi alinipata hivyohivyo. Nilikuwa kwetu Msowero, wenzangu wanatumiwa meseji za "mambo" na "poa", mimi naletewa karatasi nzima imejaa maneno. Wenzangu walikuwa wanazigombania kuzisoma. Nikajisemea, huyu ndiye.

Basi. Mwaka juzi akapata kazi Mikumi, kwenye steshenari moja pale barabara kuu. Mikumi malori yanalala, gesti kama zote, sherehe haziishi, kwa hiyo kadi zinatoka sana. Akapanga chumba hukohuko, wikiendi anarudi Kilosa.

Mwenye steshenari ni dada mmoja anaitwa Paulina, mdogo kwangu, kasomea kompyuta. Sitaficha, Paulina alianza kunikera kabla hata sijamwona. Mume wangu akirudi nyumbani, kila sentensi ina Paulina ndani yake. Paulina kasema hivi. Paulina kanunua hiki. Paulina ana akili huyo, acha tu.

Nikawa nasikiliza huku napiga pasi. Nguo za watu zilikuwa zinanyooka vizuri sana kipindi hicho.

Sasa siku moja mtoto wa shangazi yangu, Angela, akawa na sendofu yake hukohuko Mikumi. Ndugu tuliotoka Kilosa tukachukuliwa vyumba kwenye gesti moja. Makarius alinipigia akasema kazi zimembana, nilale na ndugu zangu, tutakutana ukumbini.

Mapokezi nilimkuta msichana mmoja ana adabu zake. Aliniamkia shikamoo dada, akanipokea begi, akaniambia anaitwa Happyness. Nilimpenda palepale. Haya, endeleeni kunicheka.

Salio lilikuwa limeniishia, nikamwomba simu nimpigie Angela. Akanipa bila maneno. Simu yake ilikuwa na kava lile angavu, linaloonyesha mgongo wa simu. Nyuma ya kava alikuwa kaweka kikadi kidogo. Nilipomaliza kuongea nikaigeuza tu, bila nia yoyote.

Kikadi kiliandikwa hivi: "Happy wangu, kila nikipita barabara hii moyo wangu unafunga breki mlangoni kwako."

Na zile "k" zote zina mguu mrefu.

Nilisoma tena, nikasoma tena, labda macho yamechoka na safari. Wapi. Ule mkono ulionitoa kwetu Msowero naweza kuutambua hata gizani.

Happyness alipoenda kunichukulia ufunguo, nikatoa simu yangu, nikakipiga picha kile kikadi. Akarudi, nikamkabidhi simu yake, nikashukuru na kutabasamu. Kisha nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni.

Mimi si mtu wa kupiga kelele ugenini. Nikajiambia, Debora jikaushe, sherehe ya watu hii. Nikaenda saluni kutengeneza nywele.

Nimekaa kwenye kiti, nikanyanyua macho kwenye kioo. Pembeni ya kioo kumebandikwa kadi. "Yusta, malkia wangu." Yusta ndiye aliyekuwa ananisuka.

Mwandiko uleule, "k" ileile.

Yusta akaniuliza kama ananivuta sana, maana alihisi nimekakamaa. Nikamwambia endelea tu mdogo wangu.

Ukumbini sasa ndiyo ikawa balaa. Majina ya meza, mkono wa Makarius. Kadi kwenye zawadi, mkono wa Makarius. Bwana harusi akamwandikia Angela kadi, mshehereshaji akaisoma, wamama wakapiga vigelegele, ikapitishwa mezani kila mtu aione. Ikafika kwangu. Mkono wa Makarius.

Wivu ni kitu cha ajabu. Mpaka hapo nilishaanza kumtilia shaka hata Angela, mtoto wa shangazi yangu, niliyemfunga mimi kanga akiwa mdogo.

Makarius akaingia na shati lake jeupe, anasalimia watu. Nikamvuta nje, nikamwonyesha picha ya kikadi cha Happyness. Nikamwambia anieleze, na achague maneno vizuri.

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema niende dukani kesho yake nikajionee kwa macho yangu, maana akinieleza pale sitaamini. Nilitamani kuvua kiatu.

Asubuhi nikaenda.

Nilichokiona pale dukani sikuwahi kukiona maishani. Juu ya meza kulikuwa na mashine ndogo, reli mbili za chuma, na katikati imebana kalamu ya bluu. Kalamu ile ilikuwa inaandika yenyewe. Inanyanyuka, inashuka, inavuta mguu wa "k" taratibu, inaruka neno, inaendelea.

Na Makarius amesimama pembeni, ameshika soda.

Yaani niliutazama mkono wa mume wangu unaandika na mume wangu mwenyewe yuko huku anakunywa soda.

Paulina akanieleza kwa heshima zote. Makarius alikuwa amekaa wiki nyingi anaandika makaratasi, majina, sentensi, kila namna. Makaratasi yakapigwa picha yakaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta ikajifunza anavyounganisha herufi, anapokaza na anapolegeza. Sasa hivi mteja anachapa maneno anayotaka, mashine inaandika kama Makarius. Na haiandiki "k" mbili zinazofanana kabisa, kama mtu vilevile. Tangu mashine ianze kazi, aliniambia, Makarius hajashika kalamu pale dukani. Yeye anapokea wateja na kukata kadi.

Nikauliza na kile cha Happyness wa gesti. Hapo Makarius akajibu yeye. Akasema hao ni madereva wa malori, wananunua vikadi hapa wanakwenda kuhonga mapokezi ya gesti. Akaniambia nisome vizuri, mtu gani mwingine anaongelea breki kama si dereva.

Nilijiona mjinga hadi masikio yakapata moto. Nikapewa soda na mimi. Paulina akacheka, Makarius akacheka, nikacheka.

Nikarudi Kilosa mwepesi kama karatasi. Wikiendi ile alipokuja nilimchinjia kuku.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Tatizo ni mimi. Wivu wangu haukulala, ulihama tu. Uliacha wanawake, ukahamia kwenye mashine.

Mcheke msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Nikikaa kwenye cherehani nawaza, Yusta wa saluni ana mwandiko wa mume wangu kwenye kioo, kila aliyealikwa kwenye ile sendofu amekwenda nao nyumbani, na mimi mwenye mume sina hata mstari. Mara ya mwisho Makarius kuniandikia kitu, Evance alikuwa hajazaliwa.

Nikamwambia. Nilimwambia naomba uniandikie, kwa mkono wako, siyo ule mdude wa Paulina. Akasema mbona jambo dogo.

Wikiendi iliyofuata akaja na kadi. Nzuri, ina maua pembeni. Maneno matamu, mke wangu nguzo yangu, na mengine ya aina hiyo. Nikamuuliza kama kaandika mwenyewe.

"Kwa mkono wangu huu, Mama Evance," akasema, akanyoosha kiganja. "Jana, nimefunga duka nikakaa nikaandika."

Nilishukuru. Nikaiweka kabatini. Kesho yake nikaitoa, nikaiangalia. Nikairudisha, nikaitoa. Kulikuwa na kitu kinanikera na sikijui. Herufi zilikuwa zake, "k" yake, kila kitu chake. Lakini nilikuwa naisoma kama ninavyosoma tangazo la mnada.

Nikapanga safari. Nilijua siku hiyo Makarius ametumwa Morogoro kufuata karatasi, kwa hiyo Paulina atakuwa peke yake. Sikuwa na lengo la kumfumania mtu. Nilitaka jibu moja tu, hii kadi yangu kaandika nani.

Paulina alipoisikia shida yangu alicheka kidogo, kisha akaona sicheki. Akavuta kiti nikae.

Akaniambia kuna njia ya kujua. Wakati mashine inajifunza, alikuwa anaipima kwa programu nyingine. Ile programu kaionyesha makaratasi ya Makarius upande mmoja na kazi za mashine upande mwingine, mpaka ikajua kuvitofautisha. Macho yetu hayaoni tofauti. Yenyewe inaona.

Akaipiga picha kadi yangu. Tukasubiri. Kwenye kioo cha kompyuta likatokea neno moja.

MASHINE.

Paulina akanitazama kwa huruma. Akasema wanaume wavivu hao, dada, nisiweke moyoni, amechoka tu na kazi akaona arahisishe. Akasema kadi zote zilizoko nje huko ni za mashine, hakuna mwanamke Mikumi aliyepewa ya mkono, kwa hiyo sijazidiwa na mtu.

Yale maneno yalinipoza. Nikasema basi, ngoja nikuonyeshe ile iliyonitia wazimu siku ile, tucheke. Nikafungua simu, nikamtumia picha ya kikadi cha Happyness. Akaiingiza.

MAKARIUS.

Hatukucheka.

Paulina akasema labda picha ina kivuli. Akaikata pembeni, akairudia. Makarius. Akachukua kadi moja ya dukani, akaijaribu, ikasema mashine. Akarudia kikadi cha Happyness. Makarius.

Mke napewa ya mashine. Ya mkono anapewa mapokezi wa gesti.

Paulina akanigeukia. Akasema pengine ni cha zamani, kabla ya mashine, enzi Makarius akiandikia wateja mwenyewe. Pengine dereva kweli aliagiza. Na mimi nikaling'ang'ania hilo, jamani. Moyo ukishapozwa na uongo mara moja unauomba tena. Nikasema ngoja nikamuulize mwenye kadi.

Gesti ile iko hatua chache tu kutoka dukani. Happyness alikuwa mapokezi, anakunja mashuka. Alinikumbuka. Shikamoo dada, za Kilosa.

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia sina haja ya chumba, nilikipenda tu kile kikadi chake, nikamuuliza kapewa na nani.

Akaona aibu, akacheka chini chini. Akasema kapewa na mchumba wake, anafanya kazi steshenari ya hapo mbele. Mwezi ujao anakwenda kujitambulisha kwao Ifakara.

Nikamuuliza kama huyo mchumba hana mke.

"Alikuwa naye," akasema. Alipunguza sauti kwa adabu. "Alifariki. Alikuwa fundi cherehani, hukohuko kwenu Kilosa. Kila wikiendi anakwenda kumwangalia mtoto na kufagia kaburi."

Nirudie, maana mimi mwenyewe ilibidi arudie ndipo nielewe. Kila wikiendi Makarius akija kwangu, akala chakula changu, akalala kitandani kwangu, kwa Happyness alikuwa amekwenda kufagia kaburi langu.

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?" nikauliza.

"Mama Evance."

"Mimi ndiye Mama Evance."

Yale mashuka yalimtoka mikononi. Alinitazama usoni, anasubiri niseme natania. Kisha akakaa chini, palepale nyuma ya kaunta, akaanza kulia bila sauti.

Hapa ndipo nilipotakiwa kumpiga, si ndiyo? Ndivyo tunavyofanya. Nilikuwa nimejiandaa tangu siku ya sendofu. Lakini nilipomwona pale chini niliona mtu aliyeibiwa kama mimi. Mimi nimeibiwa mume, yeye kaibiwa akili. Nikazunguka kaunta nikakaa karibu naye.

Akaniambia kila kitu. Alivyomhurumia mjane. Alivyokuwa anamwuliza habari zangu naye anasema inamuumiza kuzungumza, hata picha yangu hawezi kuiangalia. Alivyokuwa ananiombea kanisani nipumzike kwa amani.

Nimeombewa, jamani. Nikiwa hai, nashona sare za shule.

Makarius alirudi na gari la mchana. Nilimpigia nikamwambia niko gesti, anipitie. Aliingia amebeba boksi la karatasi begani, akatukuta mimi na Happyness tumekaa benchi moja. Kile kikadi Happyness alikuwa amekitoa kwenye kava, kiko juu ya kaunta.

Alikitazama, akanitazama mimi. Hata boksi hakulitua.

"Mama Evance, hiyo si ni mashine? Si nilikuonyesha?"

Happyness akanyanyua kichwa.

"Mama Evance yupi?" akamuuliza. "Marehemu?"

Lile boksi lilishuka lenyewe. Mtu mwenye maneno mazuri kuliko wote niliowahi kuwajua, akainama kuokota boksi.

Baadaye kwenye kikao Kilosa, mbele ya kaka yake mkubwa na wazee wa kanisa, alikiri. Alianza na Happyness kabla mashine haijaletwa. Mashine ilipokuja ndipo akapata amani, maana tangu hapo mwandiko wake ungeweza kuonekana popote na asiulizwe na mtu. Alisema hivyo mwenyewe. Kaka yake aliinamisha kichwa.

Wazee waliniomba nisamehe. Nikasema kusamehe nitasamehe, lakini kuishi na mtu aliyenizika siwezi. Alichukua nguo zake, yuko kwenye chumba chake Mikumi.

Kazi nayo hana. Paulina alimwachisha. Alisema hawezi kukaa na mtu aliyeigeuza kazi yake kuwa kificho. Makarius akadai basi mwandiko wake utolewe kwenye mashine, Paulina akamjibu kwamba alisaini mkataba kwa hiari yake. Kwa hiyo hadi leo ukinunua kadi pale unapata mkono wa Makarius, bila Makarius.

Happyness aliacha kazi, akarudi kwao Ifakara. Huwa ananipigia. Tunasalimiana vizuri, na wakati mwingine tunacheka.

Najua wengi mtaandika kwenye maoni kwamba wivu ni ugonjwa. Mimi wivu wangu ulikuwa umeona vizuri tangu siku ya kwanza, pale mapokezi. Nilichokosea ni kwamba niliubeba mpaka kwa yuleyule niliyekuwa namtuhumu, nikamwachia yeye ndiye anipe maelezo. Alinionyesha kitu cha kweli kabisa, mashine ya kweli, inaandika kweli, na nyuma ya ule ukweli akajificha yeye.

Kwa hiyo dada yangu, ukiwa na swali kuhusu mumeo, na jibu likawa zuri mno, mtu wa kukuthibitishia asiwe yeye. Vuka barabara, ukamuulize na yule wa pili. Kwa adabu, bila kumvuta nywele. Anaweza kuwa hajui hata kama upo.

Na wewe mwanaume unayetaka kujifanya mjane, angalau chagua mji wa mbali kidogo.

Anayehitaji fundi, nipo Mabwerebwere. Marehemu ni mzima, na sare za shule zimepamba moto.